Hesabu ya Ua

Nyuma ya daftari la hisabati la Khasoa,
kwenye kurasa ambazo mwalimu hafiki,
ndipo nilipoanza kujenga.

Futi hamsini kwa mia moja: mzunguko mia tatu.
Fundi Mukabana alipima kwa hatua zake,
gambuti miguuni, matope ya Lurambi mpaka magotini,
akasema, nguzo thelathini na nane, mama,
za mkaratusi uliotiwa dawa,
la sivyo mchwa wataumaliza ua
kabla wewe hujamaliza kuulipia.

Nguzo: elfu kumi na saba na mia moja.
Mihimili ya pembeni: elfu mbili na mia nne.
Wavu, roli tano: elfu kumi na nane.
Seng'enge ya juu: elfu tano na mia mbili.
Saruji.
Hapo nikaweka kalamu chini.
Wahenga walituonya kuhusu ufa na ukuta;
bei ya mfuko hawakuitaja.
Mifuko sita, pamoja na mchanga na kokoto:
elfu kumi na moja, mia moja na themanini.
Misumari, mia nane na themanini.
Geti nililitaka lenye ua katikati,
ua la chuma, la kuchanua, si huu ua wa kuzingira.
Nikalifuta ua, geti likabaki: elfu ishirini na nane.
Ufundi elfu kumi na mbili, na chai juu yangu.

Jumla: elfu tisini na nne, mia saba na sitini.

Mama mkwe akacheka mpaka akashika mbavu.
Panda michongoma, akasema, mche shilingi tano.
Na itafunga lini?
Miaka mitatu, mvua ikikubali.
Mvua ya Kakamega hukubali kila alasiri.
Wezi je, mama?

Usiku ule ule nikageuza ukurasa,
nikaandika vilivyomo ndani:
kuku ishirini na watatu, elfu kumi na tatu na mia nane;
cherehani, elfu kumi na moja;
televisheni, tuseme elfu tisa;
mitungi miwili ya gesi, elfu sita;
baiskeli ya Mukolwe isiyo na breki, elfu mbili kwa huruma.
Elfu arobaini na moja, mia nane.
Kumbe ninataka kulinda ng'ombe
kwa kamba ghali kuliko ng'ombe!

Basi nikaongeza mstari mmoja:
Usingizi: ..................
nikauacha hivyo.

Kwa sababu ile Aprili, Mukolwe akiwa zamu ya usiku kiwandani,
walichukua kuku kumi na mmoja
na sare za shule za watoto wa watu,
moja nilikuwa sijaitia mikono.
Hayo nimelipa, nimesahau.
Ila kabla hawajaondoka
mtu alisimama chini ya dirisha langu
akakohoa.
Polepole, kama mgeni anayebisha hodi.
Kikohozi hicho hakijaondoka uani.

Pesa za sare za Januari zimezaa nguzo kumi na nne.
Zimesimama upande wa barabara, bila waya,
kama wanafunzi waliorudishwa nyumbani kuleta karo.
Ng'ombe wa jirani anajikuna kwenye ya tatu.
Watu wanapita katikati yake, wanasema mlembe,
wanauliza geti liko wapi ili wabishe.

Khasoa naye amerudi na daftari.
Mwalimu amefika kurasa za nyuma.
Kwenye jumla ya ua ametia vema, wino mwekundu.
Kwenye mstari wenye nukta
ameandika: Onyesha njia.

Sina njia, mwalimu.
Nalala chali, taa imezimwa,
nahesabu nguzo kuanzia ile ya kona,
moja, mbili, ya ng'ombe, nne...
Jana nilifika ya tisa.
Ya kumi sikumbuki.